Nilimwambia Mke Wangu Kwamba Amepona

Kosa ni langu peke yangu, na sitaki mtu anitafutie kisingizio. Mke wangu amelala chumba cha pili hapa Mwisenge, upande wake wa kuume umekufa, na aliyemfikisha hapo ni mimi niliyemwoa. Si mchawi, si jirani, si Mungu. Mimi.

Shule niliiacha darasa la pili, kwa hiyo mnivumilie. Lakini neno hili nikikaa nalo litaniua, na nikifa nalo mtu mwingine atakwenda kulifanya nyumbani kwake akijiona ana akili, kama nilivyojiona mimi.

Jina langu sitaji. Watu wa Mugango watanijua hata hivyo. Wanijue.

Mimi ni mtu wa samaki wa chumvi. Sikurithi kitu kwa baba yangu ila jembe lenye mpini uliopasuka. Nilianza kwa kubeba samaki kichwani, miguu mitupu, kutoka Mugango mpaka kwa wachimba dhahabu kule Buhemba, nikitafuta ya kodi ya kichwa. Nikapata baiskeli. Nikapata mapipa, nikajenga vichanja vya kuanikia, nikaandika watu wa kupasua samaki. Leo nikipita sokoni Bunda wanaume wananiondolea kofia. Wanasema, mzee yule amepanda kwa jasho lake, na mimi nilikuwaga napenda sana kusikia hivyo.

Uongo. Nilipanda kwa pua ya mke wangu.

Niwaeleze. Sato au ningu tunampasua, tunamtoa matumbo, tunampanga ndani ya pipa, samaki kwa chumvi, samaki kwa chumvi, mpaka juu. Anatoa maji yake. Ukimwanika mapema anaoza ndani huku nje anang'aa, na mafunza utayaona ukifika Buhemba. Ukimchelewesha anakuwa chumvi tupu, mtu hamli. Mke wangu, mama Masatu, alikuwa anainama juu ya pipa, ananusa, anachovya kidole, anakigusisha ulimi, anatema. Kisha anasema, "Toeni," au anasema, "Huyu bado." Basi. Mimi mwenyewe nimefanya kazi hii nywele zimekuwa nyeupe na siwezi kujua anachokijua yeye. Wala hakuna mwingine niliyemfundisha. Nilikuwa naona siri ya nyumba haigawiwi.

Halafu akaanza kuumwa kichwa, huku kisogoni. Anaamka nacho. Moyo unamwenda mbio akipanda kale kamlima ka kutoka ziwani. Siku moja akaanguka kwenye vichanja, tukampakia kwenye lori la pamba mpaka hospitali ya Musoma.

Daktari alikuwa Mzungu. Alimfunga kitambaa cha mpira mkononi, akakitia upepo, akatazama, akakitia tena. Akazungumza na dresa, yule msaidizi wake wa kufunga vidonda, na dresa akatugeuzia maneno.

"Damu yake inasukuma kwa nguvu mno ndani ya mishipa," akasema. "Mwenyewe anaweza asisikie kitu, lakini siku mshipa ukipasuka kichwani ni kiharusi."

Akapewa vidonge vidogo vyeupe. Ale kila siku. Chumvi aipunguze, samaki wa chumvi asiguse kabisa, nyama ya mafuta aache, mizigo asibebe, alale vizuri, atembeetembee polepole. Nilimuuliza dresa, "Mpaka lini?"

"Mpaka uzee, mzee. Hii si malaria, umeze upone uende zako. Vidonge haviondoi ugonjwa, vinaushika. Ukiviacha, unafunguka. Na vikimsumbua msiache wenyewe, njoni mseme, daktari atabadilisha."

Hayo maneno niliyasikia kwa masikio yangu haya. Nayaandika ili mjue sikukosa kwa kutojua.

Mke wangu alishika amri ile kuliko amri za kanisa. Ugali wake na mboga isiyo na chumvi akala pembeni bila kulalamika. Kichwa kikaacha. Akaanza hata kuimba akipika. Lakini vile vidonge vilimziba pua. Akawa anasinzia mchana na pua imejaa kama mwenye mafua yasiyokwisha.

"Baba Masatu," akaniambia, "nanusa pipa ni kama nanusa jiwe."

Nikamwambia anuse tu, atazoea. Akanusa, akasema, "Toeni." Ule mzigo ukaenda Buhemba.

Karani wa ghala ya kule, mtu mmoja wa maneno mengi, aliniita mbele ya watu. Akafungua kikapu, akaziba pua.

"Mzee, hii samaki yako leo imekuja kwa miguu yake," akasema. "Tuifungulie mlango irudi nyumbani?"

Watu wakacheka. Akaongeza kwamba sikukuu inakaribia, anataka mzigo mkubwa, na nikileta tena uchafu atachukua kwa watu wa Majita.

Mimi nichekwe. Mimi niliyebeba kichwani mpaka utosi ukaota sugu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu nani amecheka.

Vidonge vilikuwa vinakaribia kwisha. Mara zote aliyekwenda kumchukulia ni mimi, kwa sababu daktari alimkataza mwendo mrefu. Nikafika Musoma kama kawaida. Hospitalini sikwenda. Nilikaa kwenye duka la chai, nikanywa chai ya maziwa na wafanyabiashara wenzangu, nikasikiliza habari za bei ya chumvi, nikarudi Mugango mikono mitupu.

Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchicha. "Vidonge viko wapi?"

"Daktari amesema vimetosha. Umepona."

Akaniangalia. "Si walisema mpaka uzee?"

"Wewe unajua kuliko daktari? Amesema damu imetulia."

"Kweli, baba Masatu?"

"Nimekuongopea lini?"

Kweli sikuwahi kumwongopea. Ndiyo maana akaamini. Alishika mikono yangu yote miwili, kitu ambacho kwetu mwanamke mtu mzima hafanyi mchana, akasema, "Mungu ni mwema." Mimi nikasema amina.

Jumapili alikwenda kanisani na kuku jike wa sadaka. Akasimama mbele ya watu akashuhudia kwamba alikuwa mgonjwa wa maisha na sasa daktari mwenyewe amesema amepona. Wamama wakapiga vigelegele. Mchungaji akaniambia nisimame na mimi, mume aliyemhangaikia mkewe. Nikasimama.

Nilikuwa nimepanga nikishapeleka mzigo wa sikukuu nitamrudishia dawa. Lakini baada ya kanisa ningeanzia wapi? Niseme daktari amekosea? Niseme Mungu amekosea? Kila nikitaka kufungua mdomo naona yule kuku. Nikanyamaza. Nikajipa moyo kwamba mbona yuko mzima, mbona anacheka. Jamani, ugonjwa huu unakaa ndani ya mtu anayecheka.

Na yeye, kwa kuwa amepona, akarudia kila kitu. Akarudi kwenye chungu chetu cha chumvi. Akala samaki wa pipani, kwa hamu ya mtu aliyefungwa mdomo muda mrefu. Akabeba debe la maji. Nilimwona, wala sikumkataza. Ningemkatazaje bila kusema kwa nini?

Pua ikafunguka. Mzigo wa sikukuu ukaenda, na karani akala kipande pale pale akaomba kingine. Nilirudi nikijisikia chifu.

Haikupita hata miezi miwili. Asubuhi, jua linatoka, mapipa yamefunguliwa. Akainama, akanusa, akachovya kidole. Wapasuaji wanasubiri. Akasema kitu ambacho si neno.

Nikamkaripia. Mbele ya vibarua nikamwambia, "Sema vizuri, watu wana kazi."

Akajaribu tena. Mdomo ukaenda upande. Mkono wa kuume ukaanguka ndani ya maji ya chumvi ukabaki humo, hautoki, naye anautazama kama mkono wa mtu mwingine. Ndipo nikamshika.

Sasa nakuja kwenye dhambi ya pili, ambayo ni mbaya kuliko ya kwanza.

Hospitalini daktari akauliza, dresa akageuza: mbona mama huyu hajachukua dawa muda wote huu? Binti yetu Nyangeta, aliyeolewa Bunda, alikuwa ameshafika na amesimama pale. Mke wangu amelala anatusikia, macho yako wazi, ulimi hauwezi kitu.

Nikasema, "Alivisahau. Unajua wanawake wetu."

Nilisema hivyo. Mbele yake. Alitoa sauti kooni na machozi yakatoka jicho moja, akanisukuma kwa mkono wa kushoto ule unaofanya kazi. Dresa akasema, "Mzee, msogelee, anakutaka." Hakuwa ananitaka.

Daktari akasema ataishi, lakini kiharusi kikimpiga mara ya pili hataamka. Kwa hiyo dawa isikose hata siku moja. Nikapanga nyumba hii Mwisenge tuwe karibu na hospitali, na Nyangeta akaacha watoto wake kwa wifi yake akaja kumuuguza mama yake.

Hapo ndipo moto wangu ulipowaka. Nyangeta anampenda mama yake, na ana uchungu, na uchungu hauna pa kwenda. Kila akimlisha uji anamsema.

"Mama, kwa nini uliacha dawa? Ulitaka kutuacha? Ulisimama kanisani ukadanganya watu kwamba umepona, kwa nini?"

Mama yake anatikisa kichwa. Anatikisa mpaka uji unamwagika shingoni. Nyangeta anadhani ni ubishi wa mgonjwa, anampangusa, anaendelea, "Haya, usikasirike, daktari amesema usikasirike." Na mimi nimekaa kwenye kiti, ukuta mmoja tu kati yetu, nasikia mke wangu anapigwa kwa fimbo yangu.

Nilijua kinachompandisha damu hakitoki kwenye chumvi tena. Kinatoka kwangu. Nilijua nikiendelea kunyamaza nitamwua mara ya pili, na safari hii kwa makusudi. Bado nikanyamaza, siku kwa siku. Msiniulize kwa nini. Heshima ya mwanaume ni kitu kinachonuka kuliko pipa lililoharibika.

Wiki iliyopita aliacha kula. Anafunga meno. Nyangeta akatoka nje na bakuli akilia, "Baba, anataka kufa. Sema naye wewe, anakusikilizaga wewe."

Hilo ndilo lililonivunja. Nikamwambia palepale uani, amesimama na bakuli. Nikamwambia duka la chai, nikamwambia karani, nikamwambia kila kitu. Nilitegemea atapiga kelele. Akaweka bakuli chini taratibu.

"Kwa hiyo miezi yote hii," akasema, "mimi namtukana mama yangu kwa ajili yako."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

"Usiniambie mimi. Nenda kamwambie yeye kwamba mimi najua."

Akaingia kwanza yeye. Sijui alimwambia nini mama yake, nilisikia kilio cha watu wawili, cha mmoja kina maneno na cha mwingine hakina. Halafu akatoka akanipisha.

Nimeshazika wazazi na watoto wawili, lakini sijawahi kuogopa mlango kama ule. Nilikaa chini, kwenye mkeka, mimi nisiyekaaga chini mbele ya mtu. Nikamwambia, "Daktari hakusema. Ni mimi. Nilitaka pua yako." Nikamwambia na la pili, lile la kusema alisahau. Alikuwa ananitazama tu.

Mjue kwamba katika maneno yote aliyokuwa nayo mke wangu, kiharusi kimemwachia moja. Anasema "ee." Akitaka maji ni ee, akikataa maji ni ee.

Nikamuuliza, "Umenisamehe, mama Masatu?"

"Ee."

Moyo ukaruka. Lakini mimi ni mtu wa biashara, kitu nakipima mara mbili. Nikamuuliza, "Au unanichukia?"

"Ee."

Nimeuliza tena mara nyingi tangu siku ile, kwa kila namna. Jibu ni hilo hilo, na macho yake siyajui kuyasoma. Niliishi naye miaka yote ile namsikiliza kuhusu samaki tu.

Amekula tangu siku ile, kidogo. Hilo nalishika.

Ninyi wanaume mnaotumwa kuchukua dawa za wake zenu, nisikieni. Mwenye presha ya damu akionekana mzima, ni dawa inayomfanya aonekane hivyo. Msimnyang'anye mkasema amepona. Dawa ikimletea usingizi au ikimziba pua, mpelekeni akaseme kwa daktari, msiamue ninyi kwenye duka la chai. Chungu chake mkiweke mbali na chumvi hata wageni wakisema mmefilisika. Na kama mmeshakosa, semeni leo angali ana ulimi wa kuwajibu.

Mapipa yangu kule Mugango nimeyafunika. Vidonge sasa anakwenda kuchukua Nyangeta mwenyewe, kwa miguu, jua kali, na akirudi ananiita nihesabu naye mbele ya mama yake. Mimi situmwi tena hospitali. Nilijitolea juzi, akasema, "Hapana, baba, wewe kaa." Nikakaa.