Maji ya Moto ya Injini ya Boti

Mume wangu alinunua injini ya boti akaileta Zuzu, kijijini kwetu Dodoma, mahali ambapo mto ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu kinaingia nchini, kila mtu anafanya biashara, na mfanyabiashara aliyeitoa ziwani alimwapia kwamba injini ni injini, itasaga mahindi kama ilivyosukuma boti. Ikasaga kweli. Shida yake ilikuwa moja tu: ilizoea kunywa ziwa. Kule inavuta maji upande mmoja, yanapita mwilini mwake kuipoza, yanatoka upande wa pili yakiwa ya moto, basi. Sisi tulikuwa na kisima cha maji ya chumvi. Pampu ikavuta kisimani, injini ikayapasha moto, ikayatema kwenye pipa lililokatwa nusu nje ya banda la mashine.

Hayo maji ya pipani ndiyo yaliyonitia wazimu.

Mwezi wa sita upepo wa Dodoma unakata masikio, na kuni ni za kutafuta. Wanawake wakaanza kuja na ndoo kuchota maji ya kuogea. Haya, wachote. Sabuni haitoi povu, lakini moto ni wa bure. Nao sikuwa na neno. Neno nilikuwa nalo na mwalimu mgeni, msichana aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali akiwa na kiuno chake na kicheko chake. Wenzake walijichotea. Yeye alichotewa na mume wangu. Nimeolewa na mwanamume huyo mwaka wa tisa, hajawahi kunishikia ndoo hata nikiwa na mimba ya miezi minane. Ya mwalimu aliijaza, akaifuta kitako kwa kitambaa ili isimchuruzikie, kisha akamtwisha.

"Shikamoo dada," ananiamkia akipita. Tulipishana miaka minne, labda mitano. Ni bora angenitukana.

"Marahaba," najibu, mashavu yakiniuma kwa tabasamu la bandia.

Nilikuwa na wivu, siwezi kuupamba. Nilijua siku alizokuja na saa aliyoondoka. Nilijua kanga aliyovaa Jumanne na aliyovaa Ijumaa. Nikisonga ugali nilisikia kicheko chake hata siku ambazo hakuja.

Injini ndiyo iliyoniokoa. Siku moja ilipata joto kupita kiasi, ikatoa moshi, ikazima. Nikaenda mwenyewe mjini mpaka Makole kumwita kaka yangu, fundi wa malori. Alipoifungua akatuonyesha njia za maji zilivyoziba kwa ukoko mweupe, ule ule unaoganda kwenye birika zetu.

"Shemeji," akamwambia mume wangu, "chumvi hii inaiua. Utaisafisha leo, mwezi ujao itaziba tena."

Akatueleza dawa yake. Tufunge rejeta ya lori, maji yale yale yazunguke, yatoke kwenye injini yakapozwe na feni, kisha yarudi. Na yawe maji ya mvua, yasiyo na chumvi. Kisima tukipumzishe.

Mimi habari ya chumvi sikuisikia. Nilisikia kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo pipa la nje halitakuwa na maji tena?"

Kaka akanitazama kidogo. "Halitakuwa nayo."

Mume wangu akasema rejeta ni ghali, labda tuisafishe tu kwanza, tuone. Siku hiyo hiyo nikauza karanga zangu zote za msimu. Sijawahi kuwa mke mwema namna ile. Nililoweka ukwaju sufuria nzima, nikauchemsha, tukaumimina kwenye njia za maji za injini, ukakaa kutwa ukila ule ukoko mpaka ukatoka vipande vipande. Nilishika spana. Nilishikilia mipira ya maji kaka akiikaza. Feni ilipovalishwa mkanda na kuanza kuzunguka, nilipiga vigelegele peke yangu. Na maji ya kujazia yalitoka kwenye pipa langu la mvua, nililolifunika tangu masika kwa ajili ya chai ya mume wangu. Niliyatoa yote.

"Mdogo wangu," kaka akaninong'oneza akifunga mfuniko wa rejeta, "injini tumeiponya. Wewe je?"

Nikamwambia akusanye spana zake aende zake.

Injini ilifanya kazi vizuri mno. Ilisaga kutwa bila kupumzika, na pipa la nje likakauka, kuku wakaanza kutagia humo. Wanawake walinuna siku mbili tatu, wakazoea. Mwalimu hakuonekana wiki ya kwanza, wala ya pili. Nikapata usingizi. Nikampikia mume wangu mlenda anaoupenda, na nikaanza hata kumsifia mwalimu mbele za watu, kwamba ni binti mwenye adabu.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, foleni ni ndefu nami niko mlangoni napima mahindi ya watu, akaja. Hakuleta mahindi. Hakuwa na chochote mkononi. Alisimama karibu na mashine akasema kitu, lakini kwa kelele zile hakikusikika.

Mume wangu akazima injini. Mahindi ya mtu yakiwa bado kwenye mdomo wa mashine, jambo ambalo mwenye mashine halifanyi hata kama nyumba yake inaungua, aliizima ili amsikie.

"Umepotea sana, mwalimu," akasema.

"Si mmefunga maji?"

"Kwani hapa ulikuwa unafuata maji tu?"

Banda zima lilikuwa kimya na kila neno lilisikika mpaka nje. Nikageuka kuwatazama wanawake wa kwenye foleni. Nilitaka japo mmoja agune, ashike mdomo, aniulize kwa macho kama nimesikia alichosikia yeye. Wote walikuwa wameinamia madebe yao ya mahindi, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kushangaa.