Mama Mukwe na Mto Lowa

Mimi ni mtu wa kiti. Miaka ile ya kwanza ya uhuru nilikuwa na kiti kimoja barazani kwetu Nyabiondo, na toka pale niliona yote niliyohitaji kuona: shamba la maharagi, njia, na watu wengine wakichoka kwenda mahali. Kwa hiyo mke wangu aliposema twende siku moja kutembelea Walikale, mji wa zamani kando ya mto Lowa, nilimuuliza kama mto hauwezi kuja wenyewe.

"Mama njo anataka, si mimi," akasema.

Mama mukwe alikuwa anapofuka kidogo kidogo. Marehemu mume wake alivuta kivuko kwa waya pale Lowa miaka mingi, na yeye hakuwahi kupaona. Alitaka kupaona kabla macho hayajafunga. Nani angekataa? Ila kwetu mwanamume hamsogelei mama mukwe. Hakai karibu naye, hamtazami usoni, hali mbele yake, hasemi naye moja kwa moja. Haya, mtembeze mjini mtu wa namna hiyo.

Tulipanda kamyo alfajiri. Yeye na mke wangu, mtoto wetu mgongoni, walikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa juu ya magunia ya maharagi, pamoja na mvua. Dereva akasema atatuchukua kule mtoni saa nane, na kwamba yeye hangoji mtu.

Walikale nilitangulia hatua ishirini, maana mimi ndiye niliyefika sekondari na nilipaswa kueleza.

"Mwambie mama, ile nyumba ya matofali ilikuwa ofisi ya Wabelgiji," nikapaza sauti.

Mke wangu akamwambia mama yake, ambaye alikwisha kusikia. Soko zima lilikwisha kusikia.

"Mama anauliza, matofali ilitoka wapi?"

Sikujua.

"Mama anasema, masomo yote ile, hawakukufundisha matofali?"

Nilichekwa hivyo asubuhi nzima, kwa mkalimani. Saa sita wao walikula chini ya paa la muuza chikwange, ile mihogo ya kufungwa majanini. Mimi nilikula nyuma ya choo cha soko, kwa sababu ndipo palipokuwa na ukuta.

Kufika mtoni, mteremko ulikuwa tope tupu. Mke wangu akateleza hatua ya kwanza, akamshika mtoto vizuri, akasimama.

"Mimi sishuki. Umushike mama mukono, umushushe."

"Mama yako?"

"Iko mama mwingine hapa?"

Wavuvi wawili waliokuwa wanatengeneza mitego walikuwa wanasikiliza kwa raha yao. "Shika tu, Papa," mmoja akasema. "Huku hakuna mutu anakujua."

"Sasa munanijua," nikamjibu.

Mwenzake, mtu mzima, akanipa mti mrefu wa mtego. Nikashika ncha moja, mama mukwe akashika nyingine, tukashuka, mgongo wangu kwake, kama mtu na mbuzi wake wanaokwenda sokoni. Mbuzi alikuwa nani, sijui.

Chini mama mukwe akasema, "We mto, naona weupe tu."

Aliuambia mto. Mkalimani wetu alikuwa juu. Nami nikaugeukia mto. "We mto, maji yako yamekuwa ya udongo, unakwenda mbio. Ng'ambo msitu umeingia mpaka majini."

"Na kivuko chako, mto?"

Kivuko hakikuwepo. Nilitaka kusema kipo, kikubwa, kimepakwa rangi, tumalize, twende zetu. Lakini ule mti ulikuwa unavutwa mbele mkononi mwangu, na si mimi niliyeuvuta.

"Imebaki nguzo moja ya chuma," nikauambia mto. "Ile waliyofungia waya. Imeliwa na kutu."

Nikauelekeza mti pale. Akaufuata pole pole, akaigusa nguzo, akaipapasa juu mpaka chini, kisha akaketi kwenye tope na kuikumbatia.

Juu kamyo ikapiga honi. Tangu alfajiri sikutaka kitu kingine ila kurudi nyumbani, na sasa nikapanda mteremko kwa mikono na magoti kwenda kumwambia dereva angoje.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mama achoke."

"Basi nenda umuulize kama amechoka."

"Hiyo njo siwezi," nikamwambia, nikakaa chini mbele ya gurudumu lake.