Bi Nadra na Viti Visivyokaliwa

Bi Nadra hajapata kuingia nyumba ya mtu mkono mtupu, na hakuona sababu ya kuanza akiwa na miaka sabini na mbili. Basi mwanawe Badr alipomwambia kuwa safarini Ireland watatembelea kasri la miaka mia sita, na kwamba uzao wa wale waliolijenga bado unaishi humo ghorofani, alikwenda mtaa wa Hamriya kwa muuza halua wake wa siku zote, akachagua bakuli ya halua ya zafarani, akaifunga kwa kanga ndani ya sanduku. Badr aliiona, akanyamaza. Huko kunyamaza Bi Nadra hajamsamehe mpaka leo.

Maana Badr alikuwa na lake. Nyumba ya mtaa wa Darsait anamokaa mama yake ndiyo waliyofikia watu waliovuka bahari kutoka Unguja miaka ya sabini, mmoja baada ya mwengine, kila mtu na begi lake. Marehemu mumewe hakuwa tajiri, lakini hakuna aliyegonga akaambiwa ngoja. Walilala majlisi, chumba cha kukaribishia wageni, wakaamka wakakuta chai na mkate wa kumimina, wakahama walipopata kazi. Bi Nadra asubuhi akifundisha hesabu skuli, mchana akirudi kukanda unga wa watu kumi na wanane. Sasa Badr anataka mama ahamie kwake, mtaa wa Khuwair, na nyumba iwe makumbusho: picha ukutani, kamba mbele ya viti, tiketi mlangoni. Alimpeleka Ireland akaone wenzetu wanavyoenzi nyumba za wazee wao.

Akaona. Bustani hakuitia ila. Mbele ya yale mawaridi alisema mashaAllah mara tatu. Balaa lilianza mlangoni. Mwanamke wa tiketi aliifunua bakuli, akainusa, akasema chakula hakiingii, akaiweka kabatini pamoja na miavuli ya watu. Bi Nadra akamtaka Badr amfahamishe kuwa ile ni zawadi ya wenye nyumba. Badr alitafsiri huku anatazama viatu vyake. Mwanamke akatabasamu, akajibu kwamba wenyewe hawapokei wageni.

"Hawapokei wageni," alirudia Bi Nadra. "Na sisi tuliopanga foleni hapa ni nani?"

Hilo Badr hakulitafsiri.

Ndani mlikuwa na viti thelathini na viwili. Alivihesabu, mwalimu haachi asili. Viti vya mahameli, miguu imechongwa kama ya simba, na yeye magoti yanamwaka moto kwa zile ngazi alizopanda. Juu ya kila kiti wameweka tunda kavu la msonobari, lile lenye magamba makali, mtu asithubutu kukaa. Hata kusema "usikae" wameona taabu. Wamemtegea mgeni mwiba chini ya makalio. Hasira zikampanda mpaka utosini. Nyumba gani hii? Watu wamevuka bahari, wanaonyeshwa sahani tupu, meza ya watu ishirini haina hata bilauri ya maji, na mwenyeji yuko juu anasikia nyayo zao wala hashuki kusema karibuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Huyu wa hapa anaponea tiketi.

Walipotoka aliidai halua yake, akakaa zake kwenye nyasi, akaila pamoja na mtunza bustani aliyekuwa akipita na toroli, kwa kuwa kutwa nzima huyo ndiye wa kwanza kumuuliza, japo kwa ishara, kama amechoka. Iliyobaki akamwachia na bakuli yake. Kisha akaokota tunda moja la msonobari chini ya mti, akalitia mkobani.

Wiki mbili baadaye Badr alikuja Darsait baada ya sala ya Ijumaa, na karatasi za makumbusho mkononi zikingoja sahihi ya mama. Akaingia majlisi, akaelekea kwenye kiti cha marehemu baba yake, anachokikalia kila Ijumaa tangu mazishi. Juu yake pana tunda la msonobari. Akageukia viti vingine, akakuta vimezungushiwa kamba ya kuanikia nguo.

"Mama, sasa mimi n'kae wapi?"

"Hukai," alisema Bi Nadra. "Tazama, upite. Si ndivyo unavyotaka watu wafanywe kwenye nyumba ya baba'ako?"

Badr alicheka. Mama yake hakucheka, naye akaacha. Pilau ilikuwa inanukia jikoni na hakuna aliyemwambia karibu. Alisimama pale pale mlangoni, alipokuwa akipokea mabegi ya wageni utotoni, uso umemshuka. Mwisho akazikunja karatasi, akazitia mfukoni, akarudi nyuma mpaka nje, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akapiga hodi kwao.

Bi Nadra aliiacha hodi ya kwanza ipite, na ya pili. Ya tatu ndiyo aliyoitikia, akainuka na magoti yake kwenda kufungua kamba.