Nilivyotoza Ogembo kodi ya taka, mama zao wakaingilia kati

Wakuu, nawasalimu kutoka Ogembo. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na najua humu ndani kuna watu wa huku wanaonifahamu. Nikiongeza chumvi wanisute hadharani.

Niliporudi kutoka kazini nchi za Ghuba nikasema nitafanya kazi ya takataka, watu walicheka hadi machozi.

Onchari, fundi wa kuchomelea mageti hapa sokoni, alisema mbele ya wateja wake: "Mtu amepanda ndege akaenda, amerudi kuokota maganda ya ndizi! Na hawa watu walipie taka? Hata maji wanalipa wakishakatiwa!"

Mwingine akaongeza kwamba miezi mitatu sitamaliza.

Sawa. Mimi ni mtoto wa mchuma chai. Diploma yangu ya afya ya mazingira nilijilipia mwenyewe, kwa kuchuma chai ya watu. Ng'ambo nilianza na ufagio, nikaondoka nikiwa msimamizi wa zamu. Sikurudi nyumbani kuogopa kicheko cha fundi.

Nilizunguka kwa wenye ploti za kupangisha, kumi na moja wakakubali kunilipa kila mwezi niwazolee. Juu ya hapo nikaweka mfumo nilioupa jina la kodi ya kijani.

Ukinipa gunia la mchanganyiko, yaani maganda, nailoni na daipa pamoja, unalipa shilingi hamsini. Ukitenganisha, hulipi kitu. Maganda nayageuza mbolea, nawauzia wakulima.

Anayechafua alipe, anayesafisha apumue. Ndivyo vitabu vinavyosema.

Akiba yangu iliishia kwenye kukodi shamba la kuozeshea mbolea. Mabati ya kibanda nilichukua kwa mkopo dukani. Dada yangu Kemunto, aliyeolewa Nyacheki, akanipa bonasi yake yote ya chai, ile inayolipwa mara moja kwa mwaka, halafu akanidhamini nikope kwenye chama cha akina mama wenzake.

Dhamana ilikuwa ng'ombe wake wa maziwa. Mmoja tu, na ndiye anayewasomesha watoto wake.

Nisipomaliza kulipa kufikia bonasi inayofuata, ng'ombe anaenda.

Mwezi wa kwanza magunia yalijaa. Mwezi wa pili yakapungua. Wa tatu, mkokoteni wangu ulikuwa unarudi karibu mtupu.

Na mimi, wakuu, nikafurahi! Nilitembea sokoni kifua mbele nikamwambia Onchari: "Umeona? Taka zimeisha Ogembo."

Akauliza, "Na maganda ya mbolea yako utayatoa wapi?"

Nikamwambia achomelee geti lake.

Jumapili moja asubuhi Kemunto akanipigia simu. "Njoo uone kodi yako imelala kwenye migomba yetu."

Niwaeleze wageni kidogo. Kwetu maganda ya jikoni hayatupwi. Yanapelekwa kwenye shina la mgomba, tangu enzi za mababu. Na hapa mjini hakuna mpangaji ambaye mama yake hana mgomba, boda moja tu kutoka hapa.

Basi wapangaji wangu walikuwa hawatenganishi na hawalipi. Jumamosi, siku ya Sabato, wakienda kusalimia nyumbani, wanafunga gunia zima nyuma ya boda na kulimwaga chini ya mgomba wa mama.

Nilipofika Nyacheki nilikuta daipa, nailoni, makopo, vyote vimekaa kwenye migomba kama mbolea. Aliyeleta ni shemeji ya Kemunto, mdogo wa mume wake, mwalimu anayepanga Ogembo kwenye mojawapo ya ploti ninazozolea.

Ng'ombe alikuwa amefungwa hatua chache kutoka pale. Kemunto alikuwa ametoka kumvuta kipande cha nailoni mdomoni, mkono wake bado umejaa mate.

"Wewe msomi," akaniambia, "huyu akifa chama kitachukua nini? Ngozi?"

Wakuu, nikaomba jembe.

Tulifukua uchafu ule mchana kutwa, mimi na yeye. Huku nikifukua nikaona kosa langu. Kule nilikojifunza kazi, mpangaji hana mgomba wa mama. Nilikuwa nimebeba mfumo wa watu mzima mzima.

Lakini kama mama ndiye njia ya kukwepa, basi mama anaweza kuwa geti.

Kesho yake nikaenda kituo cha kupimia majani ya chai, akina mama wakisubiri mizani. Nikawaeleza mfumo mpya. Kila mpangaji ataweka shilingi mia mbili mwanzo wa mwezi, mwenye ploti azikusanye pamoja na kodi ya nyumba. Akitenganisha taka mwezi mzima, pesa inarudi yote.

Ila hairudi kwake. Inaingia kwenye simu ya mama yake.

Mama mkwe wa Kemunto, mama yake yule mwalimu, akaweka kikapu chini. "Kwa hivyo mwanangu akipanga maganda yake, mimi napata pesa?"

"Ndiyo, mama."

"Na asipopanga?"

"Hupati."

Akawageukia wenzake. "Huyo nimemzaa mimi. Atapanga."

Mwezi wa kwanza wa mfumo huo mwalimu alidharau. Mwezi ulipoisha alinijia mbio. "Bwana, umenifanyia nini? Mama amenipigia nikiwa darasani! Anauliza kama siku hizi nalewa, mbona pesa ya maganda haijaingia?"

"Tenganisha, mwalimu."

Alinunua ndoo mbili jioni ileile.

Baada ya hapo sikuhitaji kumfuatafuata mtu. Maganda yalikuja safi, mbolea ikaiva, wakulima wakaja na pikapu hata kutoka Suneka. Gunia la mjini likionekana kwenye boda siku ya Sabato, linarudishwa na mama getini.

Nilichojifunza ni hiki: kodi peke yake inamfundisha mtu kuficha. Ukitaka abadilike, zawadi yake mpe yule anayeogopa kumwangusha. Hilo sikulisoma popote, nimelitunga mimi.

Ninyi wa Nyamira, wa Kericho, wa Mbeya, kwenu mngempa nani hizo mia mbili? Semeni hapa chini. Wa kubeza pia waje, nimewazoea.

La mwisho ni siku ya kulipa.

Bonasi ilikuwa bado wiki mbili. Asubuhi nililipa duka la mabati. Mchana nikapanda Nyacheki, nikakilipa chama chao deni lote mbele ya wanachama, kisha nikamrudishia Kemunto bonasi yake mkononi.

Katibu akasoma kwa sauti kwamba ng'ombe ameachiliwa, akakata ule mstari kwenye daftari.

Kemunto hakunishukuru, wala hakunisifu, na mimi sifa nazipenda. Alichukua ndoo akaenda zizini, nikamfuata.

"Mwaka mzima nimekuwa nikimkamua kama mwizi," akasema bila kugeuka. "Simama hapo. Leo namkamua wangu."