Siku Mama Alipoivuka Gobore

Nilipokuwa mtoto wa mapengo, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajachungulia, nilijua jambo moja ambalo kwetu hata anayetambaa alifundishwa kwa kofi: gobore ya baba haivukwi. Kuku aivuke, ndama aivuke, mwanamume aivuke kama ana haraka, lakini mwanamke asiivuke, na mwenye mimba ndiyo kabisa, kwa sababu akiivuka inapoa. Walisema hivyo, inapoa, kama uji. Utaijaza baruti, utalenga, itakohoa tu, moshi mwingi na goroli zinadondoka miguuni pako, na adui anakucheka huku anakukata.

Tulikaa upande wa Bukombe, kwenye kijiji kimoja cha watu waliohamishwa, na baba alikuwa anaogopwa kwa ajili ya ile bunduki. Sitaki kuipunguzia sifa. Ilikuwa chuma kirefu kunipita mimi, kitako kimefungwa waya, ya kushindilia kwa mdomoni, ukiitazama unaweza kudhani ni bomba la kuchotea pombe. Lakini kazi yake niliiona. Asubuhi moja fisi aliingia kwa ndama, baba akampiga kutoka mlangoni, na nilipokwenda kutazama ubavu wote ulikuwa umefunguka kama mlango, na goroli moja ilikuwa imempita ikazama kwenye gogo la zizi, nikatia kidole changu chote nisiifikie. Masikio yalinilia mpaka jioni. Baba mdogo Masanja alipenda kusema, "Gobore ya kaka ikipiga chafya, Ushirombo wanafunga madirisha." Watu wanacheka, lakini wezi wa ng'ombe walikuwa wanalizunguka boma letu wanakwenda kwa wengine. Wote walisema ni dawa. Baba mwenyewe alisema ni dawa, hirizi ile pale kwenye kitako, na aliyemfungia hirizi ndiye aliyempa na mwiko.

Basi siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, baruti imeshika unyevu, baba akaianika kwenye ungo, akaipaka gobore samli, akailaza juu ya ngozi pale pale mlangoni palipokuwa na jua. Akaenda kuchonga mpini. Mama alikuwa ndani anapika, tumbo limeshuka kabisa, na chungu cha maharage kikapasuka mikononi mwake. Maji ya moto yalimchuruzika tumboni mpaka mapajani, akatoka mbio anapiga kelele. Hakutazama chini. Nani angetazama chini?

Baba alimwona. Hakumpiga, na hilo nalitaja kwa sababu wengi wangempiga. Alisimama na panga mkononi, akasema taratibu kama mtu aliyeona nyoka karibu na mtoto, "Mama Kabula. Rudi ulikotoka." Kabula ndiye mimi.

Ilikuwepo njia ya kurekebisha. Aliyevuka anarudi kinyumenyume pale alipopita, anaitemea maji, halafu bunduki inapumzishwa, haiguswi, mpaka mwezi mpya uonekane. Mama akarudi kinyumenyume, analia, ngozi inambabuka, akatema maji. Na hayajakauka yale maji kwenye chuma, mwano ukapigwa, ule ukelele wetu wa Kisukuma unaoruka boma hadi boma kusema ng'ombe wamechukuliwa. Ukafika kwetu na jina la mwenye ng'ombe. Walikuwa wetu.

Niliona baba alivyoijaza gobore, nilikuwa nimechuchumaa karibu yake, ningeweza kumshika goti. Kipimo chake kilikuwa ncha ya pembe ya mbuzi. Siku zote ilikuwa pembe moja ya baruti, kitambaa, shindilia, goroli, kitambaa, shindilia, kisha fataki ya kuiwasha. Siku ile alimimina pembe moja, akaitazama gobore kama unavyomtazama mgonjwa asiyekula, akamimina nyingine.

"Baba, umeshatia," nikasema.

"Imepoa hii," akasema, hata hakunitazama. "Lazima niichochee."

Akashindilia kwa nguvu, mishipa ya shingo imesimama, akaondoka mbio, nami nyuma yake, hakuna aliyenizuia, kila mtu alikuwa anakimbia, wanawake kwa wanaume.

Tuliwakuta kwenye mto wa mchanga, ng'ombe wamekwama kwenye ukingo hawataki kupanda. Wale wezi walikuwa na pinde. Mshale ukamkuta baba mdogo Masanja kwenye paja, akakaa chini anatukana matusi ambayo sikujua kama yapo duniani. Mmoja wao, kijana mwembamba mwenye koti jekundu, akamjia na panga ammalizie. Baba akapiga goti. Alikuwa karibu naye sana, angeweza kumtupia kiatu kikamfikia.

Haikulia kama ilivyokuwa inalia. Mlio wake tuliuzoea, mzito, unajaa kifuani. Huu ulikuwa mkali na mfupi, kama bati linalochanwa. Moshi ukawafunika wote. Ulipoachana, yule wa koti jekundu alikuwa chini na uso haupo. Sisemi uliumia, nasema haukuwepo, na miguu yake ilikuwa bado inasukuma mchanga. Na baba alikuwa amekaa, anapapasa chini kwa mkono wa kulia, anatafuta, na alichokuwa anakitafuta kilikuwa mkono wake wa kushoto. Mtutu ulikuwa umepasuka karibu na kitako, umefunguka kama ganda la ndizi, na kipande chake kilikuwa kimekaa shingoni mwa baba.

Haikupoa. Jamani, hebu mnielewe. Gobore iliyopoa haifanyi vile.

Wezi wakakimbia. Mmoja aliteleza, watu wakamfikia, na fimbo zilipanda zikashuka, zikapanda zikashuka, hata baada ya yeye kunyamaza.

Baba tulimrudisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe, shingo imezibwa kwa kaniki ya mtu, apitishwe nyumbani kisha apelekwe hospitali ya misheni. Shangazi, dada yake mkubwa, aliposikia tu mtutu umepasuka hakwenda kwa mgonjwa. Alikwenda kwa mama, na mchi. Alimpiga mgongoni, mama akaanguka akalikumbatia tumbo lake lililoungua.

"Umemuua! Umeivuka, umeniulia mdogo wangu!"

Wanaume wakasogea na fimbo zile zile, nyingine bado zimelowa. Mimi nikajitupa katikati, nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika, "Baba alitia mara mbili! Nilimwona! Pembe mbili!"

Shangazi akanigeukia. Wala hakuwa na hasira na mimi, na hilo ndilo lililonitisha. Akaniuliza kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, "Na kwa nini alitia mbili?"

Niliona uani pote watu wanaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimemletea ushahidi mwenyewe, na sasa ulikuwa wake. Fimbo ya kwanza ikamshukia mama begani, nikasikia mfupa.

"Dada."

Ilitoka mkokotenini. Sauti ilikuwa na maji ndani yake.

"Nilimimina mimi. Mkono ulikuwa wangu. Mwacheni azae."

"Aliivuka!" shangazi akasema, na sasa alikuwa analia. "Si umemwona aliivuka?"

"Aliungua," baba akasema.

Alikata roho njiani, kabla mkokoteni haujaifikia barabara kubwa. Lakini mama hakuguswa tena, maana kwetu neno la anayekufa linaogopwa kuliko bunduki. Walimfukuza tu, baada ya matanga, tukaenda kwa kaka zake kule Nkome, ziwani, na mdogo wangu wa kiume akazaliwa kwenye harufu ya dagaa. Mama mpaka leo bega moja liko chini. Na ukimuuliza nani alimuua mume wake, atakwambia ni yeye mwenyewe. Miaka yote hii nimemweleza, nimemchorea hata chini kwa kijiti, baruti, moto, nguvu inatafuta pa kutokea, anaitikia, ndiyo mwanangu, ndiyo, halafu anasema, lakini niliivuka.

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne. Nimeolewa Katoro, nina Neema anayetambaa, nina mwingine tumboni, na baba yao ana gobore. Nimemsihi aiuze. Anasema, "Majambazi wanaofuata dhahabu utawafukuza na cheti chako?"

Juzi asubuhi alikuwa ameilaza sakafuni anaifuta, akatoka kidogo kutafuta kitambaa, na Neema akatambaa kwenda kwenye jiko la mkaa, mkono umeshanyooshwa, nikaruka nikamdaka. Nilipotua ndipo nilipojua nimeruka juu ya nini. Hakuna aliyeniona. Na hapo hapo filimbi za sungusungu zikalia kuita walinzi, majambazi wamekuja, mume wangu akaingia mbio, akaichukua, akachukua na baruti, halafu akasita.

"Mama Neema. Hujaivuka hii?"

Najua ninachokijua, lakini nilikuwa na mtoto kifuani na mtoto tumboni, na sauti ya shangazi inaniuliza, na kama kweli inapoa? Kama wewe na walimu wako ndio mliokosea, unamtuma mbele ya mapanga akiwa na fimbo tu ya chuma?

"Sijaivuka," nikasema, namtazama machoni.

Akamimina kipimo kimoja.

Alirudi mchana, uso mweusi kwa moshi, na wenzake, wanachekelea, wanasimulia majambazi walivyotupa viatu. Akawaambia nikisikia, "Gobore yangu haijawahi kupoa, mke wangu anaishika miiko." Wote wakanisifu. Nikawaletea maji ya kunawa, nikaanza na yeye, nikammiminia polepole kwenye mikono yake yote miwili mpaka maji ya birika yakaisha.