Bahari Niliyoimwaga Nyuma ya Choo

Niseme ukweli mapema: niliimwaga bahari nyuma ya choo.

Ilikuwa kwenye dumu. Bibi, mama yake baba, alikuja nalo kutoka kisiwani Maparoni pamoja na kikapu cha kombe, wale wa matopeni wanaojifungia ndani ya magamba mawili. Mashua, kisha lori, mpaka kwetu Kibiti. Kufika tu akajilaza. Mama akaniambia, "Waloweke hao kwenye maji ya bahari aliyokuja nayo bibi yako, wateme mchanga. Leo usinitie aibu." Akaenda kukuna nazi.

Hiyo aibu naijua. Mama ni Mmatumbi wa vilimani, na bibi kila akija husema mwanawe kaoa mwanamke asiyejua kupika cha baharini. Leo ndiyo mtihani.

Nikalinusa dumu. Maji yananuka matope, yamechoka na safari, na Kibiti bomba lipo. Mimi, kidato cha pili mzima, nitaloweka chakula kwenye uvundo? Nikamwaga. Nikawatia kombe maji ya bomba, safi, baridi. Wakajifunga kimya kama darasa lililoulizwa nani kavunja dirisha. Nikajua wamefurahi.

Mama akapika: vitunguu, viazi, nyanya za kuponda, na nyanya ya kopo, maana tangu mambo yawe ruksa hata duka la kwetu lina makopo. Tui zito mwishoni. Supu nyekundu, harufu imefika kwa jirani.

Bibi akatia mdomoni kombe wa kwanza. Kru. Akatafuna taratibu. Kru tena. Akatema kiganjani, akatazama.

"Mkwe wangu, umetupikia ufukwe."

Mama akabaki kuitazama sufuria. Hapo utani ukaniishia.

"Mke wangu," nikasema, maana bibi ni mke wangu tangu nizaliwe, "ni mimi. Maji yako nimeyamwaga, nikaweka ya bomba, wakajifunga na mchanga wao."

Bibi akanipima kuanzia miguuni.

"Kumbe mpishi hana kosa. Zuzu katoka upande wetu." Akasogeza bakuli. "Niongeze rojo la juu, mkwe wangu, tamu. Kombe wote mpe mume wangu huyu."

Nikala wote, kru kwa kru, wao wakinihesabia.

Bibi alipoondoka kwenda kutia udhu, mama alinyoosha kidole kuelekea mlangoni. Akasema, "Dumu lile pale. Bahari unaijua iliko."