Kioo cha Namba Tatu

Niliporudi Lubumbashi kutoka Ubelgiji, nilirudi na vitu viwili ambavyo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuwa navyo: diploma ya uhandisi wa madini na gari langu mwenyewe. Serikali haikunilipia masomo, wala wamisionari. Niliosha sahani hotelini, nilibeba magunia sokoni alfajiri, kisha nikaingia darasani na kuwashinda waliokuwa wamelala usingizi mzuri. Nasema hivi bila haya kwa sababu ni kweli. Kampuni ya shaba ilinipa ofisi yenye feni na nyumba kule Karavia, mtaa wa wakubwa, na wazee waliokuwa kazini kabla sijazaliwa walisimama nilipopita.

Gari lilikuwa la kijivu, safi kama sahani. Lakini vioo vyake vilikuwa vyeupe, na miaka ile mwenye vioo vyeupe alikuwa mtu wa kawaida. Wakubwa wa chama na wakurugenzi walipita mjini nyuma ya vioo vyeusi, na askari wa barabarani aliwapigia saluti bila kujua ni nani yumo ndani. Nami nilitaka saluti hiyo.

Katikati ya mji, nyuma ya maduka, palikuwa na fundi wa viti vya magari, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Alikuwa na karatasi za plastiki za kubandika kwenye vioo, zilizokuja kwa njia ya Zambia. Alinionyesha vipande vitatu, akivishika kimoja kimoja mbele ya uso wake. Nyuma ya namba moja nilimwona vizuri, kofia yake na ndevu zake. Nyuma ya namba mbili alikuwa kivuli chenye macho. Nyuma ya namba tatu hakuwepo.

Aliniambia nichukue namba mbili. Nilimwambia kwamba mimi nimesoma mambo ya mwanga kwa hesabu na simhitaji anichagulie. Alicheka kidogo.

“Muzuri, citoyen ingénieur,” alisema, akiniita mwananchi mhandisi kama ilivyotakiwa miaka ile. “Lakini na hii namba tatu, bantu ya kwenu batakujua namna gani?”

“Watajua gari.”

Alibandika siku nzima kwa maji ya sabuni na kipande cha mpira, bila kuacha hata kiputo kimoja cha hewa. Aliponikabidhi funguo alirudia mara mbili kwamba nisishushe kioo kwa siku tatu, kwa sababu gundi ilikuwa bado mbichi na karatasi ingejikunja mlangoni. Ningeweza kusubiri hizo siku tatu. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na baba alikuwa hajaliona gari.

Baba alifanya kazi kwenye tanuru la shaba mpaka kifua kikamshinda. Alikaa na mama katika mtaa wa Kamalondo, kwenye barabara ambayo kila mtu alinijua tangu nikitembea bila viatu. Barabara kama ile ina desturi yake. Ukiingia na gari unapunguza mwendo, unashusha kioo, unatoa kiwiko nje, na unasalimia kila uwanja, yaani kila nyumba na ua wake, mpaka ufike kwenu. Asiyefanya hivyo ni mgeni, na mgeni mwenye gari si mgeni mwema. Nilijua desturi hiyo kama nijuavyo jina langu. Lakini niliwaza gundi ya fundi, nikapita polepole vioo vikiwa juu. Niliona watoto wakiitwa ndani, nikadhani ni heshima.

Nilisimama mbele ya uwanja wetu nikapiga honi. Sikushuka mara moja. Nilinyoosha kola ya abakosti yangu, lile koti la wakubwa lisilovaliwa tai, na kujitazama kwenye kioo kidogo, nikipenda mlango wetu ufunguke kabla ya wangu. Haukufunguka. Niliposhuka nilimkuta mama amesimama uani, mikono kichwani. Aliponitambua alikaa chini.

“Ni weye?” aliuliza. “Mutoto yangu, ni weye?”

Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuna aliyethubutu kuniandikia Ubelgiji, kwa kuwa barua zilifunguliwa na watu wa serikali. Jumapili moja, gari la vioo vyeusi lilisimama mbele ya uwanja wa jirani yetu, karani aliyelalamikia mshahara wake kwenye baa. Lilikaa pale muda mrefu bila mtu kushuka, kama langu lilivyokaa. Kisha watu wa usalama walishuka wakamwingiza garini, na hakuonekana tena. Baba alikuwa akimtetea karani yule hadharani, na tangu siku hiyo alingojea zamu yake.

Aliposikia honi yangu aliruka ukuta wa nyuma. Mtu mwenye kifua kile.

Tulimkuta katika uwanja wa pili, ameegemea choo, mdomo wazi, pumzi ikipiga filimbi. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nilimbeba mpaka kwenye gari, naye alipoona mlango ule mweusi alishika nguzo ya lango kwa mikono miwili, na sikuweza kumbandua. Nilimwambia ni langu, nimelinunua kwa jasho langu, tunakwenda hospitali. Alinijua vizuri. Hakuwa amechanganyikiwa.

“Pumzi yangu ni hii kidogo,” alisema. “Usiifunge mule.”

Nilishusha vioo. Karatasi ilijikunja kama fundi alivyosema, na vioo vya milango ya nyuma vilikwama vikiwa vimeshuka vidole vinne tu. Kioo cha nyuma hakishuki kabisa. Barabara nzima haikuwa na gari jingine, na hospitali ilikuwa mbali kwa mtu wa kubebwa mgongoni. Niliomba wembe. Mke wa karani, aliyekuwa akitazama kutoka langoni kwake, aliingia ndani na kurudi na wembe na sufuria ya maji ya moto. Tulikwangua wote wawili, kila mtu upande wake. Gundi ambayo ilikuwa mbichi mno kwa kushusha kioo ilikuwa imekauka mno kwa wembe. Ilitoka vipande vya ukubwa wa ukucha. Nyuma yangu nilisikia filimbi ya baba ikipungua nguvu, na mama akihesabu pumzi kwa sauti kama anayefundisha mtoto. Nilikuwa na hesabu zote za kuyeyusha shaba kichwani, na hakuna hata moja iliyonifaa.

Nilichukua chuma cha kufungulia magurudumu nikavunja kioo cha nyuma, kisha cha mlango. Mama alitandika kitenge chake juu ya vipande. Nilimgeukia baba. Alitikisa kichwa, na mikono bado ilikuwa kwenye nguzo.

Nilipiga magoti. Sijawahi kumpigia mtu magoti, hata kwa profesa, na siku ile nilipiga kwenye vumbi mbele ya watu wote walionijua. Hakuachia.

Mke wa karani aliweka wembe juu ya boneti na kufuta mikono.

“Papa,” alimwambia, “miye ninaingia wa kwanza. Kama kuko muntu hatarudi, atakuwa miye.”

Alifungua mlango, akaingia, akasogea mpaka upande wa pili, akapigapiga kiti kwa kiganja kumwita baba. Baba alimtazama, akakitazama kiti. Kisha aliachia nguzo.

Sikumbuki barabara. Nakumbuka upepo ukiingia nyuma, na sauti ya mke wa karani ikimwambia baba avute pumzi, avute tena. Hospitalini walimwekea oksijeni. Baada ya muda muuguzi alitoka akasema pumzi imeshika, mzee atalala pale lakini ataishi. Mama alibaki naye. Mimi nilitoka kumrudisha jirani yetu kwake.

Alikuwa bado amekaa ndani ya gari pale tulipomwacha, upande wake wenye kioo kizima, mikono imetulia mapajani. Nilimshukuru. Nilimwambia baba anapumua. Aliitika kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye kiti, akikipapasa polepole.

“Weye umesoma, unajua hizi motokari,” alisema. “Bale bantu, bwana yangu balimuikalisha hapa karibu na dirisha, ao pa katikati?”

Nilishika mlango wazi ili ahamie mbele, kando yangu. Hakushuka.